Hasira Iliyotemwa Kwenye Nyasi za Mghange

Mwanangu, kosa langu la kwanza katika kazi ya ukalimani nililifanya kwa kutafsiri vizuri mno. Sitanii. Kila neno lilikuwa sahihi, na kwa ajili ya maneno hayo sahihi jeshi la wageni lilikaribia kubaki juu ya kilima chetu msimu mwingine, na mama yangu alikaribia kukosa mavuno tena. Karatasi hii nimeianza na kuichana mara nyingi, maana hata uzeeni ile tabia ya kutaka sentensi isiyo na doa haijaniacha. Leo nimeamua kuiacha iende jinsi inavyokuja.

Nakumbuka asubuhi ya siku ile nilivyopanda kilima karibu nikikimbia, shati limenilowa, midomo inacheza peke yake kwa Kiingereza. Lakini ngoja kwanza nikueleze kilichonipandisha.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipojaza watu vifungoni. Nilikuwa kijana wa kupakia mabunda ya katani kwenye mabehewa pale stesheni ya Voi. Shule niliiacha mapema baba alipofariki, na Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti ambayo abiria walifungia mikate na kwenye maandishi ya masanduku yaliyotoka melini. Nikipata neno jipya nililisema mbele ya behewa tupu mpaka lilipotulia mdomoni. Nikikosea neno mbele ya karani, kutwa nzima lilinikereketa kama mwiba wa katani kidoleni. Wenzangu walinicheka, nami nakiri walikuwa na haki ya kucheka.

Nyumbani kwetu Mghange, jeshi lilikuwa limepiga kambi juu ya chemchemi. Walipokuja walisema wanatafuta watu waliotoroka kifungoni kule chini nyikani, na kwamba watakaa majuma machache. Maofisa walikuwa Wazungu, askari walitoka nchi za mbali, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kilima hiki kinaishia wapi. Majuma yakawa msimu, msimu ukawa miaka. Hao waliotoroka hawakuonekana, na jeshi halikuondoka.

Sasa chemchemi ile ndiyo iliyolisha mfereji wetu, ule ambao wazee waliuchimba ukizunguka ubavu wa kilima na kupeleka maji kwenye mashamba ya chini. Seng'enge ilipopigwa kuizunguka, maji yakaenda kwenye mapipa na matangi ya jeshi, mfereji ukakauka, majani yakaota ndani yake. Mahindi ya mama yangu yalinyauka yakiwa urefu wa goti. Watu walisafiri mpaka Njukini kutafuta mahindi na maharagwe. Vijana wakashikwa na hasira, wakaanza kusukuma mawe kwenye barabara ya malori. Jeshi likajibu kwa kufunga njia ya kwenda sokoni. Vijana wakaongeza mawe. Kila upande ulikuwa unangoja mwenzake aanze kuacha.

Aliyeanza alikuwa Mzee Mwadime, ndugu ya babu yangu. Alikwenda kwenye lango la kambi asubuhi moja, akasimama na fimbo yake, jua likapanda, akarudi nyumbani. Kesho yake vivyo hivyo. Akaendelea hivyo mpaka kapteni mpya aliyekuwa ameletwa hapo akauliza huyu mzee anataka nini. Alitaka kuzungumza. Na ikatokea kwamba kapteni naye alikuwa ameruhusiwa na wakubwa wake kuondoka, kwa sharti apate hakikisho kwamba malori yake yakishuka hayatapondwa na mawe. Bila hilo, angebaki palepale. Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia kabisa. Kama maji yasingerudi kwenye mfereji kabla ya mvua, mashamba ya chini yasingelimwa, na huo ungekuwa mwaka mwingine wa kulisha watoto kwa kubahatisha.

Walihitaji mkalimani. Kambini kulikuwa na sajini aliyejua Kiswahili, mtu wa kando ya ziwa huko Nyasaland, lakini wazee walisema hawatapitisha maneno yao kwenye mdomo wenye bunduki, tena watasema Kidawida, lugha ya kwetu. Ndipo nikaletewa ujumbe Voi: "Njoo na Kiingereza chako chote."

Mwanangu, sijui kama nitaweza kukueleza furaha iliyonipata. Mimi, mbeba katani, nikaite amani kwa lugha niliyoiokota kwenye vifungio vya mikate. Nilimwachia mwenzangu zamu, nikadandia lori la katani mpaka lilipogeuka, kilichobaki nikakipanda kwa miguu.

Mahali pa kukutania penyewe palikuwa pameshagombaniwa. Wazee hawakutaka kuingia ndani ya seng'enge, na kapteni hakutaka kushuka kijijini. Wakakubaliana katikati, kwenye mteremko tunapochungia mbuzi. Unavijua vilima vyetu. Sisi tulikaa kwenye nyasi, miguu ikielekea bonde. Kapteni alikuja na kiti cha kukunja, na kila alipokaa kiti kilianza kuteleza.

Mama Wakesho, aliyekuja kusema kwa niaba ya wanawake wenye mashamba ya chini, alikitazama kiti kile kwa makini.

"Kiti kimeshafunga safari," alisema. "Sasa tumngojee mwenyewe."

Watu walicheka. Kapteni aliniuliza amesema nini, nami nikamtafsiria neno kwa neno. Hakucheka. Sajini ndiye aliyeinama kuficha meno, kisha akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Wewe karani wa reli, Kiingereza chako kimevaa tai. Kilegeze kidogo, utakiua."

Sikumjali. Nilidhani ana wivu.

"Waambie tuanze na barabara," alisema kapteni.

"Mwambie tuanze na mioyo," alijibu Mzee Mwadime. "Barabara haitoroki."

Hapo ndipo lilipoanza jambo lenyewe. Kwetu watu waliokosana hawaanzi na masharti. Kwanza kila mmoja anaitoa hasira yake yote kwa sauti, kali kama ilivyo, bila kuipaka asali. Akimaliza anachukua funda la pombe ya miwa, au la maji kama hanywi, analipuliza litoke kama manyunyu, na papo hapo anatamka baraka. Hasira inatoka na lile funda. Huko ndiko kutasa. Mtu akibakiza kitu kifuani, hata akikubali masharti yote, wazee watakwambia hapo amani bado haijafanyika.

Mimi nililijua hilo tangu utoto. Usifikiri sikulijua. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya afisa aliyenyoosha suruali yake, na kanisani tulifundishwa kuyaonea haya mambo ya vibuyu. Nikajiambia kazi yangu ni maneno, si pombe. Nikanyamaza kuhusu kibuyu cha pombe kilichokuwa mbele yetu, kama vile hakipo.

Mama Wakesho akaanza. Hakuinua sauti. Alimtazama kapteni usoni akasema, "Nilitaka mahema yako yaungue. Nilitaka usingizi wako ujae siafu. Nilipokuwa nang'oa mahindi makavu nilitaka na mama yako, huko aliko, alie kama nilivyolia mimi."

Ee mwanangu, nilitafsiri. Nilitafsiri kama mtu anayefanya mtihani. Siafu hata nilikuwa nimejifunza jina lao siku nyingi kabla, nikafurahi kupata pa kulitumia. Niliona uso wa kapteni ukibadilika rangi kutoka shingoni kwenda juu, na badala ya kuogopa nikajisifu moyoni kwamba Kiingereza changu kinaingia.

Mama Wakesho akainua kibuyu, akachukua funda, akalipuliza. Upepo wa mteremko ukalichukua. Matone yakatua kwenye buti za kapteni.

Baraka ikatamkwa, lakini kapteni alikuwa ameshasimama. Kiti kikaenda zake mpaka kwenye kichaka. Askari waliokuwa wameketi wakasimama wote pamoja, na mkono wa kapteni ukaenda kwenye mkanda. "Waambie hawa watu," aliniambia kwa sauti ya chini, "kwamba nimekuja kwa heshima, na mimi sitemewi mate." Akageuka, akaanza kupanda kuelekea kambini, askari nyuma yake.

Niligeuka kuwatafsiria wazee. Nakuapia, bado nilikuwa nafikiri jinsi ya kulisema vizuri lile neno la heshima. Mzee Mwadime alinikata.

"Umemwambia alichosema mama huyu?"

"Ndiyo, babu. Chote."

"Umemwambia anachofanya?"

Nikakitazama kibuyu.

"Nakuuliza wewe. Mzungu yule anajua kwamba hasira ile ilikuwa inatolewa, au anadhani ndiyo kwanza inaletwa?"

"Sikumweleza, babu."

"Kwa nini? Huna maneno yake?"

Ningeweza kusema sina. Ningesema uongo huo kwa urahisi na wangeniamini. Lakini alikuwa ananitazama, na mama yangu alikuwa amekaa nyuma ya Mama Wakesho, viganja vyake vyenye mikwaruzo ya kubeba maji vimelala mapajani. "Niliona aibu," nikasema.

Mzee hakupandisha sauti. "Basi aibu yako imesimama mahali pa seng'enge. Ile ya waya tungeweza kuizungumza. Hii yako ni nani ataiondoa?"

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo, kupanda mteremko ule, nikiteleza na kushika nyasi. Nilimfikia kapteni karibu na lango, na nilipofungua mdomo Kiingereza chote kilikuwa kimenitoka. Nilichobaki nacho kilikuwa vipande. Hasira, nikasema, nikijipiga kifua. Hapa ndani. Inatoka. Nikapuliza hewa kwa mdomo kama mwendawazimu, nikaonyesha chini, nikaonyesha bonde. Nikasema yule mama hakutukani, anaacha kukutukana. Vitenzi nilivichanganya, wakati uliopita nikauweka mbele, ujao nikauweka nyuma. Nilisikia kila kosa likitoka na sikuwa na nafasi ya kulirudia. Nikamwambia pia kwamba nilijua na sikusema, kwa kuwa nilitaka anione mimi ni mtu wa kisasa.

Kapteni alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nadhani alikuwa anapima kama mimi ni mgonjwa.

Aliyeniokoa ni sajini. Alipiga saluti akasema, nami nilielewa kila neno maana chake kilikuwa Kiingereza cha kambini, "Bwana, kwetu bibi yangu alikuwa akitema maji namna ile watu wakipatana. Mwenye kukuchukia kweli hakuwekei kibuyu mbele yako." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Umeona? Umevua tai na umeeleweka."

Kapteni alivua kofia, akajikuna kichwa, akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo na mimi natakiwa kusema yangu?"

Sikuwa na hakika kama mgeni anaruhusiwa. Tukashuka pamoja, nikamuuliza Mzee Mwadime, naye akashangaa kwamba nauliza. "Kama hana hasira, muda wote huu anafanya nini pale juu? Aseme."

Basi kapteni akasema. Hakurudi kwenye kiti, alikaa kwenye nyasi kama sisi, magoti yamemkaribia kidevu. Alisema dereva wake, kijana aliyekuwa akipiga filimbi asubuhi anapowasha lori, aliangukiwa na jiwe lililosukumwa barabarani, na mguu wake ukakatwa hospitalini. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyemshikilia njia nzima. Alisema tangu siku hiyo kila akiona kijana wa kilima hiki anatamani kujua ni huyu au si huyu, na kwamba kuna siku aliyaelekeza maji kwenye pipa lililokwisha kujaa ili tu yasitufikie.

Hilo la mwisho nililitafsiri kwa Kidawida huku ulimi ukiwa mzito, lakini nililitafsiri, na nikaongeza kwa wazee wangu: anatoa, haleti. Hawakuhitaji kuambiwa. Kuhusu mguu wa dereva hatukuwa tunajua. Tulijua lori liligongwa na tulikuwa tumelifurahia. Nyuma yetu vijana waliinamisha vichwa, na kaka mmoja ambaye sitamtaja akaondoka pale akaenda kusimama peke yake.

"Usibakize," Mama Wakesho alimwambia kapteni kwa upole, kama anayemlisha mtoto dawa. "Kama kuna kingine, toa."

"Hakuna," alisema kapteni.

Akapewa kibuyu. Akachukua funda kubwa kupita kiasi, akajaribu kupuliza, nusu ikamshukia kidevuni na kwenye shati, nusu akaimeza. Watu walicheka mpaka Mzee Mwadime akajifuta macho. "Amemeza amani," alisema Mama Wakesho. "Haidhuru, itafika." Safari hii nilipotafsiri, kapteni alicheka kabla sijamaliza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi hata nilishindwa kuamini. Barabara, ambayo asubuhi ilionekana kama mlima juu ya mlima, ilizungumzwa kabla nyasi hazijakauka pombe. Kapteni alitaka hakikisho. Mzee Mwadime akasema hakuna hakikisho la kuandika litakalozuia jiwe, kwa hiyo wazee wenyewe watatembea mbele ya malori mpaka barabara ya Voi, na anayetaka kusukuma jiwe amsukumie babu yake. Kapteni akasema basi seng'enge ya chemchemi itaondolewa kwanza, kabla lori lolote halijawashwa, na njia ya sokoni ifunguliwe siku hiyohiyo. Mama Wakesho akasema vijana ndio wasafishe mfereji, kwa mikono yao, ili wawe na kazi nyingine. Kila mmoja alikubali alichokubali, wakashikana mikono.

Walitimiza. Siku ya kuondoka askari walikunja seng'enge asubuhi, sajini mwenyewe akitoa gogo lililozuia maji. Wazee wakajipanga mbele ya lori la kwanza, Mzee Mwadime katikati na fimbo yake, na malori yakashuka kwa mwendo wa mzee, taratibu kabisa, madereva wakitokwa jasho kwenye kona, hakuna jiwe lililosogea. Nilitakiwa kutembea nao. Lakini maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mfereji, mwanangu, na watu walikuwa wanakimbia nayo. Yalikuja na vumbi na majani makavu mbele yake, yakisita kwenye kila kona kisha yakiendelea, watoto wanapiga kelele, wanawake wanaondoa majani kwa majembe ili yasikwame. Nilikuwa nageuza shingo huku na huku, malori yanashuka upande huu, maji yanashuka upande ule. Mzee Mwadime akaniona. "Nenda," aliniambia. "Hapa hakuna cha kutafsiri tena." Nikakimbia na maji mpaka shambani kwa mama. Yeye alikuwa ameshafika, ameingia ndani ya mfereji, amesimama, anayangojea kwa miguu mitupu.

Sasa sikiliza ninalotaka kukuachia. Utakapowekwa katikati ya watu waliogombana, iwe ni nchi na nchi au kaka na dada, usidhani umemaliza kazi kwa kubeba maneno. Waambie pia maneno hayo yanafanya nini. Ukali mwingine ni mtu anayetua mzigo, na asiyejua desturi yake ataona anatupiwa. Usiwakimbize watu kwenye masharti wakati vifua vimejaa, na usikubali upande mmoja tu ndio useme yake. Jeshi lile halikufukuzwa, na sisi hatukushindwa. Liliondoka kwa sababu watu walikaa kwenye nyasi wakasikilizana mambo mabaya mpaka yakaisha. Na njia za kwenu za kupatana usizionee haya mbele ya mgeni, kwani huenda naye anatafuta pa kutolea yake. Zaidi ya yote, usingoje lugha yako iwe safi ndipo useme jambo linalohitajika. Mimi nilieleweka siku niliyosema vibaya.

Mungu akupe kifua chepesi na masikio mapana. Akupe jirani unayeweza kumwambia ukweli na bado akakukaribisha chakula. Usikose maji, usikose mbegu, na vita vikifika mlangoni kwako akupe watu wa kukaa nao chini.

Mimi nilibaki mkalimani maisha yangu yote, na bado nina wasiwasi kila ninaposimama mbele ya watu. Ila sasa nikikosea neno, naendelea kusema.